Subira ya wanyama inatofautianaje na kungoja tu?

Muulizaji
Ndugu zangu, tangu utotoni tumeambiwa kuwa mvumilivu hula mbivu. Nimeishika kauli hiyo kwa miaka sita nikiwa fundi msaidizi katika karakana moja ya magari, nikingoja kukabidhiwa injini ambayo sijakabidhiwa hadi leo. Majuzi nilimtazama kinyonga akivuka tawi la mpera, akiyumba na kusimama, nikajiuliza kama naye anasubiri kama mimi. Mnaowajua wanyama watulivu, mmejifunza nini kwao?

Mwana wa Malagarasi
Ndugu muulizaji, nimekulia kando ya kinamasi cha Malagarasi, Kigoma, anakoishi korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Husimama muda mrefu bila kutikisika, lakini hasimami popote. Huchagua maji yenye hewa haba, ambako kamongo, samaki mwenye mapafu, hana budi kupanda juu kuvuta pumzi. Maji yakitikisika kidogo tu, ndege hujirusha mzima mzima, akaibuka na samaki, matope na majani, kisha akatikisa kichwa hadi takataka zote zidondoke. Mara nyingine hukosa, na akikosa huhamia sehemu nyingine. Je, hapo ulipo injini hupita mbele yako, au umesimama penye maji yasiyo na samaki?

Mkulima wa Lushoto
Nikiongezea juu ya kinyonga: mwili ukiwa umetulia, macho yake hayajatulia, kwani kila jicho huzunguka peke yake, moja mbele, jingine nyuma. Akimwona mdudu, yote mawili humkazia ili kupima umbali, ndipo ulimi mrefu kuliko mwili wake unapofyatuka. Huyo wa kwenye mpera alikuwa kazini.

Mama wa Watatu
Mwanangu, usimsahau kamongo mwenyewe. Maji yakikauka huweza kujifukia matopeni, akajifunika kwa ute wake na kukaa miezi mingi hadi mvua inyeshe. Nami niliwahi kukaa hivyo, watoto wakiwa wadogo, kwa kuwa sikuwa na pa kuhamia.

Muulizaji
Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Mimi pa kuhamia ninapo, kwani barabara ya pili kuna fundi anayefungua injini za malori kila wiki, na sijawahi hata kumsalimu. Jumamosi nitakwenda kwake.