Mbu wa mchana Makorora wananimaliza na majani nimeshafyeka yote

Mama Nusra
Jamani naombeni msaada. Majani nimefyeka nyumba nzima, mtaro wa mbele nimeuzibua mwenyewe kwa jembe, usiku tunalala kwenye neti mimi na watoto wote, lakini hawa mbu wananing'ata mchana kweupe. Saa kumi nikikaa barazani nachambua mchicha miguu yote vipele, asubuhi hata chai sijanywa ni hivyo hivyo. Weusi, wana madoa meupe miguuni. Dawa ya kupuliza nimemaliza makopo mawili mwezi huu, jioni wanakufa kesho wapo. Nyie wa Tanga masika hii mnafanyaje?

Kijana wa Duga
Choma kivumbasi tu mama au maganda ya machungwa makavu. Bibi yangu Pangani hajawahi kununua dawa ya dukani.

Fundi Karo
Kivumbasi sawa ila moshi ukiisha wanarudi, utachoma mpaka lini. Dada, huyo mbu mwenye madoa anayeuma mchana anaitwa Aedes, ndiye anayeeneza homa ya dengi, ile iliyosumbua Dar 2019 na huku Tanga ikafika. Mtaro na majani umechoka bure, huyo anataka maji yaliyotulia kwenye chombo, hata kifuniko cha chupa kinamtosha. Angalia tairi, makopo, sahani za chini ya maua, hata ile sahani ya nyuma ya friji. Yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja mpaka siku kumi na joto letu hili, kwa hiyo chagua siku moja ya wiki umwage kila kitu. Na pipa usimwage tu, LISUGUE na brashi, maana mayai anayabandika ukutani juu kidogo ya maji, yanakaa makavu miezi na miezi, ukijaza tena yanaanguliwa. Hapo ndo watu wengi wanapokwama.

Bi Mwana
Na choo msikisahau wanangu. Yule wa usiku anayeimba sikioni ni wa kwenye karo na vyoo vya shimo, na ndiye kinara wa matende na mabusha huku kwetu mjini pwani. Funga wavu kwenye bomba la hewa, ziba nyufa za mfuniko. Makunduchi kule Unguja waliwahi kumwaga chooni vile vipunje vyeupe vya plastiki vinavyoelea, vikafunika maji juu, mbu akakosa pa kutagia na viluwiluwi vikakosa hewa, mbu wakapungua sana. Oli chafu usimwage, kisima chako si kipo hapo hapo uani? Halafu mtoto akipata homa usimpe aspirini wala diklofenaki, kama ni dengi zinaweza kumtoa damu. Panadol, maji mengi, na akapimwe, malaria nayo ipo.

Mama Nusra
Nimerudi na aibu zangu. Pipa safi, friji safi, nikazunguka nyuma ya jiko, wallahi nimekaa chini. Baba Nusra anauza madafu Raskazone, yale matupu anarudi nayo na guta tukaushe tupikie, na masika hii hayakauki, kila dafu limekinga maji kama bakuli na viluwiluwi vinacheza humo. Nimeyahesabu yamefika themanini nikaacha. Mimi nalaumu mtaro kumbe nawafuga mwenyewe!! Nimeyapindua yote kifudifudi ila mengine yamekatwa kitundu kidogo juu maji hayatoki.

Fundi Karo
Yapasue katikati kwa panga, ukipindua tu mtoto atakuja kuyageuza. Na yakipasuliwa yanakauka upesi.

Kijana wa Duga
Mama kama hamna pa kuyaweka nayachukua mimi, nina banda halivuji. Yapasueni tu, guta naja nalo Jumapili.

Mama Nusra
Njoo hata leo mwanangu. Baba Nusra nitamwambia akisharudi.