Mume wangu askari anamtetea polisi wa kwenye muvi, naombeni ushauri

UaLaUsiku (mleta uzi): Wakuu habari za jioni. Mume wangu ni askari wa upelelezi. Juzi tulikuwa tunaangalia Training Day, ile muvi ya 2001 ya polisi wala rushwa. Kufika pale wanapofukua pesa chini ya sakafu, Hoyt, yule polisi mgeni, akakataa mgawo wake, mume wangu akasonya: "Mjinga huyu, atawaponza wenzake." Akachukua remoti, akazima. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Nifanyeje?

Mzee wa Remoti: Dada, mmezima penyewe hasa! Hujaona Alonzo, yule bosi wao mla rushwa, anavyoishia. Denzel Washington aliyemuigiza hakupewa Oscar 2002 kwa kuonewa huruma. Rudi umalizie.

Kisu Butu: Muvi ni muvi tu. Marehemu mjomba alikuwa askari, akiangalia muvi za polisi anacheka peke yake: "Hawa mbona hawaandiki maelezo?" Alistaafu na baiskeli yake ileile.

Bibi Sabuni: Msonyo mmoja haumkoseshi mtu usingizi. Sema kilichopo.

UaLaUsiku: Haya. Kwenye buti la gari, chini ya tairi la akiba, nilikuta bahasha. Mshahara wake naujua, na ule haukuwa mshahara. Sikumuuliza.

Bibi Sabuni: Na sasa hivi ziko wapi?

UaLaUsiku: Nyingine nimelipia ada ya watoto. Kabla hamjanirukia: zingekaa pale zifanye nini? Na yeye aliona zimepungua, akanyamaza. Nimekuja kuuliza kama nimwambie aache, sijauliza habari za kurudisha.

Mtumishi Mnyenyekevu: Warumi 6:23, mshahara wa dhambi ni mauti. Sina la kuongeza. Ila watoto wasomeshwe kwa jasho, dada.

Kobe Mwenda Pole: Mnaojiandaa kusema "mripoti", mkumbukeni Frank Serpico, askari wa New York. Huyo hakuwa wa kutungwa. Alisema kuhusu rushwa ya wenzake, na Februari 1971 akapigwa risasi ya uso kwenye msako wa dawa za kulevya. Alipona, lakini sikio moja likafa. Sasa mwambieni huyu dada akaripoti.

Shahidi Namba Tatu: Chai hii, tena ya moto. Kwenye muvi pesa chini ya sakafu, kwenye gari pesa chini ya tairi. Huyu anaandika skripti, kakwama mwisho, anatutumia sisi.

Mzee wa Remoti: Kama ni skripti, mume asikamatwe. Wa kukamatwa wamejaa kwenye muvi.

Kobe Mwenda Pole: Mke ndiye awe mbaya. Hapo nanunua tiketi.

UaLaUsiku: Jamani siandiki skripti! Nimelipa mihula miwili na risiti ninayo.

Bibi Sabuni: Risiti imeandikwa jina la nani?

UaLaUsiku: Langu. Kwani mlitaka liwe la nani?