AC inaganda barafu, na kila fundi anasema gesi imepungua

Mpangaji_wa_Juu

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri kabla sijaing'oa hii AC ukutani.

Ni split ya kawaida (mashine moja ndani, nyingine nje) ya BTU 12,000, siyo inverter, yaani siyo zile zinazobadilisha kasi ya kompresa, inatumia gesi ya R-410A. Ukiiwasha inaanza vizuri kabisa, chumba kinapoa. Ikifika kama saa moja upepo unapungua, mlio unabadilika, halafu hata ukikaa chini yake husikii upepo wowote. Ukiizima sasa, maji yanatiririka ukutani mpaka sakafuni. Nikifungua mfuniko wa mbele nakuta vile vibati vyembamba vimefunikwa barafu nyeupe.

Mafundi wameshapita. Wa kwanza kaweka geji, kasema gesi iko chini, kaongeza. Ikawa na nafuu kidogo, ikarudi kulekule. Aliyefuata naye geji, gesi. Wa mwisho kaangalia geji yake, kacheka, akaniambia "bosi, hii AC yako inakula gesi sana." Nikamuuliza inakwenda wapi. Akasema ndiyo zilivyo za siku hizi.

Filta naisafisha mwenyewe kila mwezi, hilo sina shaka nalo. Maungio ya bomba ni makavu, hayana mafuta wala uchafu ulioganda. Na kama kweli inavuja, mbona hakuna hata mmoja aliyetafuta inapovujia? Kuna wanaonishauri ninunue mpya. Nyie mnasemaje?

Soketi_Moja

Unaweka rimoti ngapi mkuu? Watu wanaweka 16 halafu wanashangaa barafu. Weka 24, feni ya juu kabisa, utakuja kunishukuru.

FundiGeji

Mpangaji, kaa hapa tuongee, maana hii kesi naijua kwa harufu.

Kwanza tuondoe hilo la kula gesi. AC haili gesi. Gesi iliyomo inazunguka tu kwenye bomba lililofungwa: inaingia ndani ikiwa kimiminika, inachukua joto la chumba na kugeuka mvuke, inakwenda nje kulitema lile joto, inarudi. Mashine inaweza kukaa miaka kumi na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu amekuuzia kitu ambacho kesho atakuuzia tena.

Ila kwako wewe sidhani hata kama kuna tundu. Nakueleza kwa nini, na hapa ndipo mafundi wengi wanapojikwaa, wakiwemo niliofanya nao kazi.

Geji ya upande wa bomba nene haipimi kiasi cha gesi. Inapima presha, na presha ile inakwenda na ubaridi wa koili ya ndani, yaani yale mabomba yenye vile vibati ulivyoviona na barafu. Kwa R-410A, ukisoma psi (kipimo cha presha) 120 hivi, koili iko kwenye nyuzi 5. Ukisoma psi 100, koili iko kwenye sifuri, na chini ya hapo unyevu wa chumba unaanza kugandia juu yake. (Anayetumia gesi ya R-22 asichukue namba hizi. Kwake sifuri ni kwenye psi 57 au 58.)

Sasa jiulize, koili inashuka chini ya sifuri kwa sababu gani? Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni gesi pungufu kweli. Ya pili ni upepo mdogo: joto la chumba halifiki kwenye koili, gesi haina cha kuchukua, koili inazidi kuwa baridi, presha inaporomoka. Geji inasoma chini vilevile! Fundi anaona psi 85, anaruka kwenye mtungi. Akiongeza, presha inapanda, barafu inachelewa kidogo, wewe unalipa, yeye anaondoka. Kumbe upepo ni uleule mdogo, na gesi sasa imezidi.

Kabla hujaita mtu mwingine, fanya haya. Zima kupoza, acha feni peke yake mpaka barafu yote iyeyuke, hata kama ni saa mbili au tatu. Usiiguse kwa kisu wala bisibisi, ile koili ukiitoboa ndiyo utapata uvujaji wa kweli. Ikishakauka, washa kupoza, subiri robo saa, chukua kipimajoto. Pima hewa inayoingia juu, kisha pima inayotoka chini. AC nzima inatoa tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 hivi. Gesi ikiwa pungufu, upepo unakuwa mwingi lakini wa uvuguvugu, tofauti inakuwa 4 au 5. Upepo ukiwa ndio tatizo, hewa inatoka chache lakini kali ya kuuma vidole, tofauti inapita 15.

Halafu nenda kwenye mashine ya nje, angalia bomba jembamba pale linapotoka kwenye valvu. Likiwa na theluji nyeupe ndani ya dakika chache za kuwasha, gesi ni pungufu. Theluji ikiwa kwenye bomba nene, na barafu ya ndani imeenea koili nzima sawasawa, rudi kwenye upepo.

Mwisho chukua tochi. Mulika ndani ya mdomo hewa inapotokea, utaona blowa, ile feni ndefu ya mviringo. Zima umeme kabisa kwenye swichi ya ukutani kwanza, nakusisitizia. Izungushe taratibu kwa kidole, angalia kila ubao wake una nini. Njoo utuambie.

Na wewe Soketi Moja, 24 ni ushauri mzuri wa bili, na ni kweli 16 inaifanya kompresa, ile pampu ya gesi iliyo nje, isipumzike hata barafu iyeyuke. Lakini AC iliyo sawa haigandi hata ukiiweka 16.

MamaWaPili

Samahani kuingilia mada, fundi. Yangu ni ile ya joto na baridi. Msimu wa baridi naiwasha joto, inafanya kazi vizuri, halafu ghafla inanyamaza, feni ya ndani inasimama, na mashine ya nje inatoa moshi mweupe! Mume wangu kasema inaungua tuizime. Baada ya dakika kadhaa inarudi yenyewe. Niizime au?

FundiGeji

Usiizime dada, hiyo inafanya kazi yake. Ukiiweka kwenye joto, mambo yanageuka: koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi, na siku ya unyevu inaganda. Mashine ikigundua hivyo inageuza mzunguko kwa dakika chache ili kuyeyusha ile barafu. Feni ya ndani inasimama makusudi, isije ikakupulizia baridi. Huo mweupe ni mvuke wa maji. Moshi wa kuungua ungekuwa na harufu. Ikianza kufanya hivyo kila baada ya muda mfupi, au barafu ya nje isiyeyuke kabisa, hapo ndipo uite mtu.

Mpangaji_wa_Juu

Fundi, nimefanya yote. Hewa inayoingia ni 27, inayotoka ni 9. Tofauti 18! Na kweli ni chache, karatasi ya chooni niliyoning'iniza mbele yake ilitikisika kwa uvivu tu. Bomba jembamba nje halina kitu, ni unyevu tu. Nene ndilo jeupe, na sponji yake nyeusi imeganda mpaka ngumu.

Blowa sasa. Jamani. Zile bao zake nilidhani ndivyo zilivyotengenezwa, nene hivyo na za kijivu. Nimekwangua moja kwa kijiti cha meno, limetoka tabaka zima la vumbi lililoshikana kama blanketi, na chini yake weusi wa ukungu. Nafasi kati ya bao na bao imebaki nyembamba, kwingine imeziba kabisa.

Swali langu: vumbi limepitaje wakati filta ni safi muda wote?

FundiGeji

Ndiyo hiyo. Nyuzi 18 inatosha kufunga kesi.

Filta za nyumbani zinashika nyuzinyuzi na vumbi nene. Vumbi laini na mvuke wa mafuta ya jikoni vinapita. Vikipita vinakuta koili na blowa zimelowa, maana AC inapoza hewa yenye unyevu, vinanata. Ukizima moja kwa moja kutoka kwenye kupoza, ndani panabaki na maji na giza, ukungu hauombi mengine. Mimi wateja wangu nawaambia waache feni tupu dakika kumi na tano hadi ishirini kabla ya kuzima. Inverter nyingi mpya zinajikausha zenyewe ukizizima, ndiyo maana feni inaendelea kidogo. Watu wanadhani ni ubovu.

Bao za blowa zimepinda makusudi ili zikamate hewa na kuirusha. Uchafu ukijaza ule mpindo, blowa inazunguka kwa kasi ileile lakini hairushi kitu. Ndiyo maana masikio yako yalisikia feni inafanya kazi, na mafundi nao wakasikia hivyohivyo.

Tafuta fundi wa kuiosha, na umwambie wazi: blowa na koili, siyo filta na mfuniko. Avue mfuniko, afunike sehemu ya umeme kwa plastiki, afunge mfuko wa kukinga maji chini. Akiweza kuichomoa blowa aichomoe, akaioshee nje.

Baridi_Tena

Naongezea kwa Mpangaji. Usikubali aje na mashine ya presha ya kuoshea magari. Vibati vya alumini vinalala vyote upande mmoja, na hapo umejitengenezea tatizo la upepo jipya. Pampu ndogo ya presha ya chini inatosha. Pia akague bomba la maji ya kutoka. Uchafu wa blowa ukioshwa unashuka kwenye sinia la chini na kuziba pale pale, halafu wiki ijayo utarudi hapa kuuliza mbona inadondosha tena. Amwage maji safi kwenye sinia na ahakikishe yanatoka nje kwa nguvu, bila mahali bomba limepanda juu kabla ya kushuka.

Ila FundiGeji, na ile gesi iliyoongezwa?

FundiGeji

Nilikuwa nakuja huko. Upepo ukirudi, gesi iliyozidi itajionyesha. Utasoma psi 145, 150, na kompresa itavuta ampea zaidi ya zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Kompresa ikikaa hivyo muda mrefu inakufa kabla ya siku zake.

Dawa siyo kupunguza kwa macho. Na asiifungulie tu ikaruka hewani: R-410A inashika joto la anga zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Ainyonye yote kwenye mtungi, apige vakyumu (avute hewa na unyevu wote kwenye bomba), aingize upya kwa mizani. Kibandiko kimeandika gramu. Kwa kuwa 410 ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, inaingizwa ikiwa kimiminika, ili mchanganyiko usibadilike, kidogokidogo. Fundi asiye na mizani ya gesi, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Mpangaji_wa_Juu

Mrejesho wakuu. Nimepata kijana mmoja mtulivu, kaja na mizani bila hata kuambiwa. Blowa kaichomoa, maji ya kwanza yalitoka meusi tii, mke wangu kaondoka chumbani.

Baada ya kuosha, kabla ya kugusa gesi, geji ilisoma 150. Kijana kaniangalia, hakusema kitu. Alivyonyonya gesi yote na kuipima ikawa gramu 1,100. Kibandiko kinasema 850! Kabla ya kujaza aliingiza naitrojeni ya presha kwenye bomba kutafuta uvujaji, akapaka povu la sabuni kila nati, hakuna hata puto moja. Kisha vakyumu, kisha gramu 850, mtungi umegeuzwa kichwa chini.

Sasa geji inasoma 118, inaingia 27 inatoka 16. Ile karatasi ya chooni imeng'oka uzi. Tumelala nayo usiku kucha, asubuhi koili imelowa tu, haina barafu.

Kimebaki kitu kimoja. Sponji nyeusi ya bomba nene imechanika pale ilipoganda, na panadondosha maji kidogo juu ya dirisha. Nizungushie ile tepu nyeupe tu?

FundiGeji

Hapana, tepu haizuii joto. Kata kile kipande, weka sponji mpya ya unene uleule, bomba nene lake na jembamba lake, usiyafunge mawili ndani ya sponji moja. Tepu iwe ya juu tu, ya kuzuia jua, na uizungushe kuanzia chini kwenda juu ili mvua isiingie kwenye mikunjo.

Na huyo kijana tutumie namba yake faragha. Nina kazi zinanizidi.