Mjadala: Kahawa ya Moshi ipimwe kwa PHP au kwa lugha ya fanksheni?

Wakuu, naleta hoja, na naomba hasa waliowahi kurithi mfumo wa mtu mwingine wachangie.

Hapa Moshi tuko watatu, tumepewa kazi na chama cha msingi cha wakulima wa kahawa: kutengeneza mfumo wa kuandikia vipimo. Karani apime, aingize kilo kwenye simu, mkulima aone jumla yake. Wenzangu wanataka PHP, lugha ya programu iliyozoeleka kwa tovuti, maana kila kijana anayemaliza chuo ameigusa. Mimi nataka Elixir, lugha ya fanksheni, yaani programu inajengwa kwa vipande vinavyopokea thamani na kurudisha jibu. Wanasema naleta ufahari wa kizungu shambani.

Sababu yangu ni mama mmoja. Msimu uliopita, kwenye chama kingine, niliandika mfumo kwa PHP. Siku hiyo mizani ilikuwa miwili. Yeye kwenye mmoja, mwanawe kwenye wa pili, kwa namba moja ya uanachama. Simu zote mbili zikasoma jumla ya 240. Karani wa kwanza akaongeza 35, mfumo ukaandika 275. Wa pili akaongeza 50 juu ya 240 ileile, ukaandika 290 juu ya 275. Kilo 35 zikayeyuka. Mama alifungua pindo la khanga, akatoa stakabadhi mbili, akazilaza mezani, akaniangalia tu. Sijamsahau.

Kwenye lugha za fanksheni thamani ikishawekwa haibadilishwi. Hugusi 240. Unaongeza kipimo kipya kwenye orodha, na jumla inatafutwa na fanksheni: ukiipa vipimo vilevile, inarudisha jibu lilelile, leo na mwakani. Najua mtasema hata PHP inaweza kuandikwa hivyo. Kweli kabisa. Na Elixir nayo haitakushika mkono ukiamua kuandika juu ya jumla ya zamani kwenye hifadhidata. Lakini mazoea ya lugha ndiyo yanayokuongoza saa nane usiku ukiwa umechoka, na mimi yaliniongoza vibaya.

Tena si mambo ya majaribio. Elixir ya José Valim, Mbrazili, ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2014, lakini inakimbia juu ya mashine ya Erlang, lugha ambayo kampuni ya Ericsson ya Sweden ilianza kuijenga miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Humo kazi moja ya programu ikianguka, nyingine zinaendelea. WhatsApp iliponunuliwa na Facebook mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 na wahandisi 32, na seva zake zilikuwa za Erlang. Sisi ni watatu. Timu ndogo ndiyo yenye haja zaidi ya chombo cha namna hii.

Upande wa simu nakubali kushindwa kidogo. LiveView, njia rahisi ya Elixir ya kutengeneza kurasa, inataka mawasiliano na seva muda wote, na huko juu migombani mtandao unakatika hovyo. Kwa hiyo kipimo lazima kihifadhiwe kwanza kwenye simu ya karani, kitumwe mtandao ukirudi, kila kimoja na namba yake ili kisihesabiwe mara mbili. Hiyo sehemu tutaiandika kwa JavaScript, lugha inayoendeshwa na kivinjari cha simu yenyewe, hakuna ubishi.

Hoja iliyobaki ndiyo inayoninyima usingizi. Mwenzangu aliniuliza: ukipata kazi Dar mwezi ujao, chama kitampata wapi mtu wa Elixir? Nikajibu kwamba kijana mzuri wa PHP akikaa nami wiki sita atasoma msimbo wote wa mfumo. Akaniuliza nani atamlipa kwa wiki hizo sita. Sikuwa na jibu. Naona gharama hiyo iingizwe kwenye mkataba tangu mwanzo, na wasomaji wa msimbo wawe wawili kabla ya msimu kuanza.

Je, mlioko Arusha na hapa Moshi, kuna aliyewahi kumshawishi mteja alipie mafunzo ya mrithi? Ulimwelezaje akakubali?