Nadharia za uongozi zinanivuruga, nisaidieni

Mwanachuo: Wakuu habari zenu, nina testi ya menejimenti, eti kiongozi anazaliwa au anatengenezwa?

Mzee wa Kahawa: Anza na Thomas Carlyle, mwandishi wa Scotland, 1840 pale London, alisema historia inabebwa na watu wakubwa waliozaliwa hivyo. Mi siikubali kabisa, wananchi wa kawaida kawaweka wapi?

Dada T: Mdogo wangu msome mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, 1939 huko Marekani, walichukua vikundi vya watoto wa miaka kama 10, huku kiongozi wa amri, huku wa kushirikisha, huku anawaacha tu wajiendee. Wa amri akitoka nje kazi inalala, wa kushirikisha akitoka watoto wanaendelea! Hii naipenda sana.

Mzee wa Kahawa: Kweli. Halafu mwanasaikolojia Fiedler, 1967, anasema kiongozi kufanikiwa inategemea na hali. Burns, msomi wa siasa, 1978 naye katenganisha kiongozi wa nipe kura nikupe kazi na yule anayewainua watu.

Mwanachuo: Ahsanteni. Dada, kila kikundi kilibaki na kiongozi wake?

Dada T: Hapana, walikuwa wanabadilishiwa, ndo maana huwezi kusema ni tabia za watoto tu.