Galari za kifahari: unaingiaje kama huna mpango wa kununua?

Macho_Hayana_Pazia
Wakuu, habari za leo. Mwenzenu napenda picha tangu utotoni, ila pesa ya kununua sina. Makumbusho nimeyazoea: unakata tiketi, unazunguka, hakuna anayekuuliza. Shida yangu ni zile galari za biashara, mlango kioo kitupu, na mpaka ubonyeze kengele.

Juzi nilijikaza nikaingia moja. Ukumbi mweupe pee, mkubwa kupindukia, na picha sita tu. Raba zangu zinalia kwii kwii kila hatua. Dada wa mapokezi kafichwa na kaunta iliyonifika kifuani, naona nywele tu. Hakuinua uso. Ukutani hakuna jina wala bei. Nikasimama mbele ya picha ya kwanza sekunde ishirini, nikajifanya napokea simu, nikatoka. Simu yenyewe ilikuwa imezima chaji.

Hivi mtu wa kawaida anaruhusiwa kweli? Na akikuuliza "nikusaidie?" unajibu nini?

Mpiga_Misumari
Nimetundika picha kwenye galari miaka kadhaa. Ingia, ndugu yangu. Kiingilio kwa kawaida hakuna, maana lile ni duka, na kutazama dukani si kosa. Kengele ni ya kulinda mali.

Ukuta huachwa mtupu makusudi. Maelezo yapo kwenye karatasi pale kaunta, kwa hiyo ukiulizwa, jibu: "Naomba orodha ya kazi." Basi. Ya bei nayo unaweza kuiomba, ingawa kuna picha utaambiwa bei ni kwa maulizo. Kidoa chekundu kando ya picha maana yake imeuzwa. Kikiwa nusu, kuna mtu kawekewa. Kwenye chapa, yaani picha inayochapwa nakala kadhaa, 3/25 ni nakala ya tatu kati ya ishirini na tano. Na usidhani hela yote inakwenda kwa msanii: mgao wa nusu kwa nusu na galari ni jambo la kawaida.

Kausha
Msimdanganye kijana. Mimi niliwahi kuambiwa mlangoni "kwa miadi tu", na nyuma yangu wakaingia wawili wasio na miadi yoyote.

Mpiga_Misumari
@Kausha wapo wa hivyo, sikatai. Wengi wao, lakini, hawana habari na wewe, wamezama kwenye barua pepe.

Bibi_Mfinyanzi
Mwanangu, nenda siku ya kazi, mchana. Usiku wa ufunguzi utaona migongo ya watu tu.

Mimi huenda kwa sababu moja: kazi ya makumbusho itakungoja, ya galari ikinunuliwa huenda usiione tena maishani. Niliwahi kukuta chungu cha Magdalene Odundo, yule mfinyanzi mzaliwa wa Kenya anayeishi Uingereza. Hatumii gurudumu, hujenga kwa mkono kisha anasugua udongo mpaka ung'ae. Sehemu nyekundu ilikuwa inayeyukia kwenye nyeusi, alama ya moto ulionyimwa hewa. Nami nimeshinda na udongo miaka yote hii! Nilikizunguka mara nne, shingo yake imeinama kidogo kama ya mtu anayesikiliza. Hakuna aliyenifukuza.

Macho_Hayana_Pazia
Mrejesho: nimerudi leo, na raba zilezile. Nikasema ile sentensi, sauti ikanikwama katikati. Dada akanipa karatasi, akauliza kama nataka na ya bei. Nikaitikia. Bei zenyewe nimecheka kimoyomoyo.

Picha ya nne ndiyo imenishika. Kwa mbali unaona bahari. Ukisogea, kumbe si rangi, ni nyuzi tupu, safu juu ya safu. Chini kushoto uzi wa buluu ulimwishia msanii, akaunga kwa mwingine usiofanana, na fundo kaliacha nje.

Ina nusu ya kidoa. Maonyesho yanaisha Jumamosi, Ijumaa nipo pale.