Tupeane uzoefu: Bodi uliyoambiwa imekufa, ukaiflashi ikaamka

fundi_saketi, Mbeya (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wale tunaohangaika na bodi ndogo za elektroniki zinazopakiwa programu (ndiyo kuflashi): ESP32, Arduino, Raspberry Pi, BeagleBone na ndugu zao. Kwenye kituo ninapofundisha vijana kuna boksi la bodi zilizoandikwa "mbovu", na kila muhula linazidi kujaa. Juzi tukalimwaga mezani na wanafunzi, tukapima moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa nzima kabisa. Inaniuma, kwa sababu kijana anajinyima nauli anunue bodi, halafu anaambiwa imeungua na anaamini.

Naanza na ESP32 maana ndiyo iliyojaa kwenye lile boksi. Unaichomeka, unabonyeza kupakia, kompyuta inaandika *Connecting* na kufuatiwa na nukta na vistari, nukta na vistari, mwisho inakata tamaa. Hapo ndipo watu husema chipu imekwenda.

Sasa sikilizeni. Ndani ya chipu yenyewe kuna programu ndogo iliyowekwa kiwandani kwenye ROM, kumbukumbu isiyofutika. Huwezi kuifuta kwa kuandika msimbo mbaya. Chipu ikipata umeme, programu hiyo inaangalia pini iitwayo GPIO0. Ikiikuta juu (ina volti), inaendesha kilichomo kwenye flashi, yaani kumbukumbu inayotunza programu yako. Ikiikuta chini (haina volti), inatulia na kusubiri programu mpya kupitia poti ya siriali. Kitufe kilichoandikwa BOOT kazi yake ni hiyo tu, kuishusha GPIO0. Kwa hiyo shikilia BOOT, bonyeza EN (kitufe cha kuwasha upya) na kuiachia, kisha achia BOOT. Chipu ikiwa hai itaitika, hata kama flashi imejaa takataka.

Bodi nyingi hufanya mchezo huo zenyewe kupitia transista mbili, ila kwenye zile za bei ya chini EN inapanda haraka mno kabla GPIO0 haijashuka sawasawa. Dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 kati ya EN na GND (ardhi ya umeme). Sisi tunakata miguu yake iwe mifupi, tunaichomelea upande wa chini wa bodi, mguu hasi ukiwa GND, na kuanzia hapo mkono haugusi tena BOOT.

Karibuni. Semeni bodi gani, ilikataaje, na nini kiliiamsha. Tafadhali wekeni maneno yenyewe yaliyotokea kwenye skrini. Ukiandika "inagoma" peke yake hatutaweza kukusaidia.

---

binti_wa_kisauni, Mombasa

Ahsante sana kwa uzi. Mimi nawakumbusha jambo ambalo watu hulidharau: waya.

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Hizi zinazokuja na tochi, feni ndogo na baadhi ya pawabenki huwa zina zile mbili za umeme peke yake. Ukichomeka, taa nyekundu ya bodi yawaka vizuri, nawe waona kila kitu kiko sawa, lakini kompyuta haina habari kama kuna kitu kimeingia. Mtu atabadilisha draiva, ataweka Windows upya, atanunua bodi nyingine, na waya uko palepale.

Kipimo changu ni chepesi. Ule waya nauunganisha simu na kompyuta. Simu isipouliza kama nataka kuhamisha picha, waya huo nautenga. Zilizofaulu nimezipaka rangi ya kucha nyekundu karibu na kichwa, na wanangu wanajua hizo hazichukuliwi kwenda kuchajia simu. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula vichwa vya waya, kwa hivyo hata uliopita mwaka jana naupima tena.

---

mwanachuo_udom, Dodoma

Nakazia hapo kwa dada, halafu naongeza la Linux.

Ukiwa na Ubuntu 22.04 na bodi yenye chipu ya CH340 (inayounganisha USB na poti ya siriali), unaweza kukuta poti inatokea kisha inapotea sekunde hiyohiyo. Fungua dirisha la amri, andika `sudo dmesg -w`, ndipo uchomeke bodi. Utaona ttyUSB0 imeunganishwa, na mstari unaofuata imeondolewa. Anayeiondoa ni programu iitwayo brltty, inayohudumia vifaa vya kusomea nukta nundu. Kuna kifaa cha nukta nundu kinachotumia namba ya utambulisho ileile ya CH340 (1a86:7523), kwa hiyo brltty inaona bodi yako na kudhani ni kifaa chake.

Wengi wanaelekezwa kuifuta tu. Mimi nasema uliza kwanza. Kama kompyuta ni ya maabara na kuna mwenzenu asiyeona anaitumia, ukiifuta umemfungia mlango. Zima kanuni ya namba hiyo moja kwenye faili la brltty la udev (sehemu ya Linux inayotambua vifaa), na yeye aendelee na kazi yake.

La pili ni ruhusa. Ukiambiwa *Permission denied*, jiongeze kwenye kundi la dialout kwa `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha toka na uingie upya. Bila kutoka haitakubali.

---

rift_elektroniki, Nakuru

Nimesoma maelezo ya mwenye uzi kuhusu ROM. Nataka wageni waelewe kwamba si kila chipu iko hivyo. ATmega328P ya kwenye Arduino Uno na Nano haina programu ya namna hiyo kiwandani. Butiloda yake, yaani programu ndogo inayopokea msimbo mpya, inakaa kwenye flashi hiyohiyo ya kawaida, kwa hiyo inaweza kufutika kweli. Bado haimaanishi imekufa.

Lakini anza na jambo jepesi. Kama ni Nano na unaona *stk500_getsync() not in sync*, nenda kwenye menyu ya prosesa uchague ile iliyoandikwa *Old Bootloader*. Mwaka 2018 Arduino walibadilisha butiloda ya Nano. Ile ya zamani inaongea kwa kasi ya 57600, mpya kwa 115200, na Nano nyingi za bei nafuu madukani bado zimewekwa ya zamani. Kasi zisipofanana hawaelewani.

Ikikataa zote mbili, tafuta Uno nzima. Ipakie mfano wa ArduinoISP unaokuja na programu ya Arduino. Halafu unganisha pini 11, 12 na 13 za Uno na pini za namba hizohizo kwenye Nano, pini 10 ya Uno iende RST ya Nano, na 5V na GND zikutane. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno, ila iwe baada ya kupakia ArduinoISP, si kabla. Sasa chagua *Burn Bootloader*. Dakika moja haifiki. Nimeshawaamshia wanafunzi wa hapa Nano ambazo duka liliwaambia wakanunue nyingine.

---

fundi_saketi, Mbeya

Mkuu wa Nakuru, hapo umesema jambo kubwa. Kabla hujaita bodi mbovu, jua butiloda yake inakaa wapi. Pico ya Raspberry Pi nayo ni kama ESP32: programu ya kuanzia iko kwenye ROM ya RP2040. Unashikilia BOOTSEL wakati wa kuchomeka USB, inatokea kama flashi diski yenye jina RPI-RP2, unaburuta faili la programu la aina ya UF2 ndani, basi. Hata STM32 ina yake kiwandani, unaifikia kwa kuhamisha jampa (kiunganishi kidogo) ya BOOT0 kwenda 1 na kubonyeza reset.

---

mzee_wa_maabara, Arusha

Vijana, hamjambo. Mimi nashughulika na Raspberry Pi shuleni.

Shida yangu kubwa ni kadi za SD bandia. Kadi imeandikwa GB 64, kompyuta inaikubali kuwa GB 64, unaandika mfumo, unamaliza, lakini Pi haiwaki au inawaka na kuharibika wiki ya pili. Ndani yake uwezo ni mdogo kuliko ulioandikwa, na data ikizidi hapo inaandikwa juu ya data nyingine. Kadi mpya yoyote naipitisha kwanza kwenye programu ya f3 ikiwa ni Linux, au H2testw kwenye Windows. Inachukua muda mrefu, naiacha nikiwa darasani.

Lingine ni umeme. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu inaweza kuandikwa hivyohivyo, ila waya mwembamba unapoteza volti njiani. Zikishuka chini ya 4.63, kinatokea kialama cha radi kwenye kona ya skrini. Msikipuuze. Kama hamna skrini, amri ya `vcgencmd get_throttled` ikirudisha chochote tofauti na 0x0, angalieni chaja kwanza.

Na kwa wanaofuata mafunzo ya zamani: jina la pi na nenosiri la raspberry havipo tena tangu Aprili 2022. Jina lako, nenosiri, Wi-Fi na SSH (kuingia kutoka kompyuta nyingine) unaviweka kwenye Raspberry Pi Imager kabla ya kuandika kadi.

---

mswahili_maskati, Oman

Salaam alaykum. Nami niko na BeagleBone Black, nadhani hapa ni wachache walio nayo.

Bodi hii ina hifadhi yake ya ndani, eMMC, na ukitaka kuweka mfumo mpya unaandika faili la kuflashi kwenye kadi ya SD, kisha unaiambia bodi ianzie kwenye kadi kwa kushikilia kitufe cha S2 kilicho upande wa kadi. Watu wanapokwama ni hapa: wanashikilia S2 halafu wanabonyeza reset. Haifanyi kitu, na bodi inarudi kwenye mfumo wa zamani. Prosesa inasoma pini za kuanzia pale tu umeme unapoingia upya. Kwa hivyo chomoa umeme kabisa, shikilia S2, chomeka umeme, na usiachie mpaka taa zianze kuwaka.

Ikiwa imekubali, utaziona zile taa nne za buluu zikikimbizana kwenda na kurudi. Usiguse chochote. Tumia adapta ya volti 5 ya tundu la duara, maana USB ya kompyuta huenda isitoshe katikati ya kazi. Taa zikizimika zote, imemaliza. Toa kadi kabla hujawasha tena, la sivyo inaweza kuanza kuflashi upya.

---

bustani_mgeta, Morogoro

Wakuu naombeni msaada. Natumia ESP32 kuendesha pampu ya kumwagilia nyanya kupitia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Bodi ikiwa peke yake inapakia na inafanya kazi. Nikiunganisha rilei haiwaki kabisa, inajirudia tu na kuandika `rst:0x10 (RTCWDT_RTC_RESET)` na `flash read err, 1000`. Rilei iko GPIO12. Bodi ina moduli ya ESP32 aina ya WROOM-32. Natanguliza shukrani.

---

fundi_saketi, Mbeya

Mkuu, umeleta maelezo kamili, kwa hiyo jibu ni jepesi. GPIO12 ni moja ya pini zinazosomwa wakati wa kuwaka, na hiyo inachagua volti za flashi. Ikiwa chini, flashi inapewa 3.3. Ikiwa juu, inapewa 1.8. Flashi ya WROOM yako inataka 3.3, na moduli ya rilei inaivuta GPIO12 juu. Flashi haipati umeme wa kutosha, haisomeki, na chipu inajirudia.

Hamisha waya kwenda GPIO25, 26 au 27. Utakutana na ushauri wa kutumia `espefuse.py set_flash_voltage 3.3V`. Amri hiyo ipo na inafanya kazi, lakini inachoma fyuzi ndani ya chipu na haina kurudi nyuma, na zipo moduli za ESP32 aina ya WROVER ambazo flashi yake ni ya 1.8 kweli. Kama waya unahamishika, hamisha waya.

---

bustani_mgeta, Morogoro

Nimehamishia GPIO27, nikabadilisha namba kwenye msimbo, imewaka mara moja rilei ikiwa imeunganishwa. Nimepima na mita pia: rilei ikiwa na umeme, pini yake ya IN inasoma zaidi ya volti 3 hata bila kuunganishwa na ESP32. Kwa atakayenunua moduli kama hii yenye taa mbili, pima IN kwanza kabla ya kuchagua pini. Ahsanteni sana.